Herufi Moja

Jesper, mkwe wangu, gari lako linanisalimia kwa jina.
Nani amelifunza adabu hiyo?
Naketi, kiti kinanikumbatia kabla sijakiomba,
kioo kipana kama sinia kinaniuliza nataka joto la namna gani,
na nikiugusa mstari mweupe kwa ukucha wa tairi
usukani unanifinya mkono
kama mwalimu wa darasa la kwanza.
Asante. Lakini nina miaka sitini na minne,
na barabara ya Torsby mpaka Östmark
naijua kama ulimi unavyoyajua meno.

Hili langu ni Saab tisini na tisa, la mwaka sabini na nne,
rangi ya zeituni iliyosahauliwa kwenye chupa.
Ufunguo hauchomekwi kando ya usukani kama kwa watu wengine:
uko chini, kati ya viti viwili,
pale mume na mke wanapoacha mikono
wakiwa hawajagombana.
Na hautoki, hautoki kabisa, mpaka utie rivasi.
Walioliunda walikuwa watu wa ndege;
walifikiri kwanza, wakapamba baadaye,
na mara nyingi wakasahau kupamba.

Usiniambie ya kale dhahabu.
Ya kale ni kutu. Nimelala chini yake majira ya baridi kumi na moja,
chumvi ya barabarani ikinidondokea machoni,
nikichomelea kizingiti kwa bati la debe la maziwa.
Hita yake ina mawazo mawili: hapana, na jehanamu.
Kabureta likiamka limenuna, hata dua halisikii.
Na Folke, aliyenifundisha kubadili gia bila kukanyaga klachi,
alikufa ndani ya gari la enzi hizo hizo,
kifua juu ya usukani,
mwendo wa kilomita hamsini tu.
Lako lingemrudisha nyumbani na michubuko.
Nalijua hilo. Nalisema mwenyewe ili usinitangulie.

Lakini kuna kwenda, kuna kuendesha, kuna kuendeshwa.
Kati ya la pili na la tatu imepenya herufi moja tu,
midomo ikijikunja kidogo kama ya anayezima mshumaa,
na mtu mzima amekwisha kuwa mzigo.

Theluji ikilainika mwezi wa Machi
usukani wangu hunieleza: hapa barafu, hapa tope,
hapa changarawe aliyoimwaga Sixten kwa ubahili wake.
Habari hupanda vidoleni, viwikoni, mpaka kwenye taya.
Lako limevaa glavu juu ya glavu.
Tani mbili na nusu, kimo cha zizi,
kumpeleka mtoto mmoja mazoezini!
Na joto la kiti, umenieleza mwenyewe, unalilipia kila mwezi,
joto lililomo tayari ndani ya kiti ulichokinunua.
Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema.
Hawakusema kidonda kina kodi.

Jumapili nilimpa Ylva wako aendeshe.
Alilitafuta tundu la ufunguo kando ya usukani, akapapasa hewa.
Lilimzimikia mara nne kwenye kilima cha kanisa,
nyuma yetu lori la magogo,
dereva wake akijitilia ugoro mdomoni, hana haraka.
Mara ya tano akasikia.
Nilimwona akisikia, shingoni,
pale klachi inaposhika, upana wa sarafu.
Hakucheka, hakushangilia.
Alikipanda kilima chote kwa gia ya kwanza,
injini ikilia kama msumeno,
nami sikumwambia abadilishe.

Usiku ule ule ulimrudisha kwa gari lako, amelala kiti cha nyuma,
na mnyama mwenye pembe kama majembe akatoka msituni.
Hukumwona. Lilisimama lenyewe.
Ulinipigia simu saa nne, sauti si yako.
Nikataka kulishukuru kwa jina, kama linavyonisalimia,
nikakumbuka halina jina, lina namba.

Kisha nikashuka gereji, koti juu ya nguo za kulalia,
nikakaa ndani ya langu gizani.
Kiti kilikuwa baridi kama kaburi.
Nikatia rivasi.
Ufunguo ukatoka.